Huzuni ya Kuazima

"Kwani sisi wanawake hatuna huzuni, mpaka wapimwe wanaume peke yao?" Bi Chausiku, jirani, aliwahi kuuliza.

Bi Saumu akamjibu, "Tunazo, na wapo kati yetu waliotaka kujitoa uhai. Ila sisi hulia tukasikiwa. Wao hunyamaza tukawazika."

Ndiyo maana kila Ijumaa, kama sheria ilivyotaka, mwanamume hakuonja chakula kabla hajaiambia taa ya kupima huzuni, iliyofungwa ukutani kila nyumba, jambo moja linalomwelemea. Taa ikiwaka kijani, yuko salama. Na kweli, alhamdulillahi, matanga ya wanaume waliojitoa uhai yalikuwa yamekoma mtaani, na Bi Saumu alipakua pilau yake kwa moyo mweupe.

Ijumaa hiyo mdogo wake, Mwinjuma, alisimama mbele ya taa akasema mbuzi wake kafa, na tangu hapo hapati usingizi. Taa ikawaka kijani.

"Mwinjuma, wewe una mbuzi?"

"Sina, dada."

"Huyo si ndiye mbuzi wa mume wa Chausiku? Nilimsikia akimlilia wiki iliyopita, ukuta wetu mmoja."

Mwinjuma akacheka. "Huzuni tunaazimana kule kwa kinyozi. Wiki ijayo nachukua jino la Mzee Kombo."

Bi Saumu naye akacheka mpaka akajifuta machozi kwa kanga. Kisha akasogeza sinia kando.

"Haya, taa umeshaidanganya. Mimi niambie yako."

Kicheko kikamkauka Mwinjuma. Akavaa viatu akatoka.

Bi Saumu akaiacha pilau wazi, akajitanda kanga, akatoka nyuma yake.