Mafundo ya Kanga

Ilikuwa saa nne asubuhi, lakini karatasi iliyoning'inia kitandani kwa Bi Kidawa ilisema ameshageuzwa mpaka saa kumi jioni. Muuguzi Sikudhani alizitia alama ya vema saa zote alipoingia kazini, kwa kuwa wagonjwa walikuwa arobaini naye yu peke yake.

Sasa mtafiti alikuwa ameiinamia karatasi hiyo hiyo. Alikuja kuangalia jinsi wagonjwa wasioweza kujigeuza wanavyotunzwa, wasipate vidonda vya kulala upande mmoja. Sikudhani alivua glovu, akazivaa tena. Kwa kosa kama hili mtu husimamishwa kazi.

"Sista, hii saa kumi ni ya jana?"

Riziki, binti wa mgonjwa, akacheka pale mkekani alipoketi. "Saa ya sista inakimbia, dada. Yangu ndiyo hii."

Akainua pindo la kanga yake. Kila akimgeuza mama yake hufunga fundo moja. Yalikuwa mawili, la saa kumi na mbili na la saa mbili.

"La tatu nangoja mtu wa kunishikia miguu," alisema.

Mtafiti akafungua daftari.

"Andika," Sikudhani alisema. "Andika na kwamba niko peke yangu. Ila kwanza tumgeuze."

Mtafiti aliiweka kalamu kitandani, akashika miguu. Wakamgeuza. Ngozi ilikuwa nzima, ila kiunoni palikuwa na wekundu mdogo ambao jana haukuwepo. Wote watatu waliutazama. Riziki akaanza kufunga fundo la tatu.