Mstari wa Chokaa

"Sogeza huo mstari, Dakta. Sentimita mbili tu," alisema Mkurugenzi Mbelwa, akigonga ramani kwa kalamu. "Kesho tunafungua wodi ya wazazi, nawe umeupitisha ndani yake."

"Sentimita mbili hapa ni kilomita nzima ardhini!" alifoka Nyamizi, mwanajiolojia. "Miaka thelathini naupima ufa huu wa miamba, na bado unatembea. Miamba haisomi barua za ofisi yako."

"Basi mtaalamu mwingine atauchora."

Nyamizi alitoka hadi kwenye wodi, akabeba ndoo ya chokaa iliyoachwa na mafundi, akauchora ufa juu ya ardhi yenyewe: uani, kizingitini, hadi katikati ya vitanda vipya. Mbelwa alimfuata akibwata. Mjamzito aliyekuja kuwahi nafasi alisimama mlangoni, mguu huku, mguu kule wa mstari.

"Mama," alimuuliza Nyamizi, "nilale upande upi?"