Simba wa Ndoo

Pori lile halikuwa na simba hata mmoja. Aliyekuwa akinguruma ni mpishi.

Alichuchumaa kichakani nyuma ya kambi, ndoo ya bati ameibana kwa magoti. Mdomo wa ndoo ulikuwa umewambwa ngozi ya mbuzi, na katikati ya ngozi ilipita kamba iliyopakwa nta. Ukiivuta polepole, ndoo inatoa mngurumo wa kukusimamisha nywele. Alivuta mara tano, akapumzika, akavuta tena mara tatu kwa unyonge, kama mnyama anayekwenda zake. Kisha akaifunika ndoo kwa majani, akarudi jikoni kuchemsha chai. Jua lilikuwa ndiyo kwanza linachomoza.

Kazi hiyo aliianzisha bosi wake, mwenye mahema. "Mgeni akilala porini asisikie kitu, anaondoka kanuna," alisema. "Akinuna harudi. Asiporudi, mimi na wewe tutakula haya mahema?"

Mpishi alikubali. Alikuwa na watoto wanne na mama mzee, wote wakimtazama yeye.

Wageni wengi waliisikia sauti ile wakapiga kelele, wakacheka, wakasahau. Lakini asubuhi hiyo mgeni mmoja, mama aliyekuja peke yake, alitoka hemani miguu mitupu, shuka mabegani, machozi yanamtiririka.

"Umemsikia?" alinong'ona.

"Nimemsikia, mama."

"Upande gani?"

Mpishi akaonyesha kwa mwiko. Yule mama akatazama saa, akaandika kwenye daftari.

"Nimelala porini mara nyingi mno," alisema. "Kila ninakofika naambiwa simba wamekwisha, ungekuja zamani."

Mpishi akammiminia chai. Mchana mgeni alikuja jikoni, akakaa juu ya debe, akamenya naye viazi. Akaona kidole cha mpishi kilichochubuliwa na kamba.

"Nini hiki?"

"Sufuria, mama."

Alimsafisha kidonda, akakifunga, akamkataza kugusa maji. Vyombo akaviosha mwenyewe.

Jioni mpishi alivuka kilima kwenda kwao. Kijiji kizima kiliijua ndoo ile. Hata mbuzi walikuwa hawageuzi shingo.

"Simba wako leo alikuwa na mafua?" mama yake alimpokea. "Tumemsikia anakohoa!"

Majirani wakaangua kicheko. Mpishi hakucheka. Alikaa chini, akamweleza mama yake habari za mgeni, za machozi, na za kidole. Bibi kizee aliacha kucheka.

"Mwambie ukweli."

"Nitafukuzwa, mama."

"Utafukuzwa, ndiyo. Kwani utakuwa wa kwanza? Mtu anakufunga kidonda, na wewe unamchezea kama mtoto mchanga. Nilikulea hivyo?"

Usiku ule hakupata usingizi. Kulipokucha hakuigusa ndoo. Alibeba kikombe cha chai mpaka hemani, maneno yote ameyapanga kichwani.

Mgeni alikuwa ameketi mlangoni, daftari amelifunga.

"Leo kimya," alisema. "Pengine jana nilisikia vibaya. Watu watasema nimezeeka, nasikia ninachotaka kusikia." Alijaribu kucheka, ikashindikana. "Na pengine ni kweli."

Mpishi alifungua mdomo. Alimwona analifungua lile daftari, anataka kuukata kwa kalamu mstari wa jana.

"Hukusikia vibaya, mama," alisema.

Akaondoka haraka. Marehemu baba yake alikuwa msaka nyayo, na alimfundisha tangu utotoni. Kwenye tope la kijito alipiga magoti, akakandamiza kwa sehemu ya chini ya kiganja, kisha kwa vifundo vya vidole. Vidole vinne bila kucha, kiganja kipana chenye mabonde nyuma. Alipiga nyayo tano zilizopishana sawasawa, ya mwisho ikiingia majini. Safari hii hakutumwa na bosi wala na mtu yeyote. Alinawa, akaenda kumwita mgeni.

Yule mama alipiga magoti palepale alipopiga yeye. Akaweka rula pembeni ya unyayo, akapiga picha, akahamia unaofuata. Alipomaliza alimkumbatia mpishi hivyohivyo na matope.

"Hujui umenipa nini," alisema.

Aliondoka mchana, akipunga mkono dirishani mpaka gari likapotea. Mpishi alirudi jikoni, akakaa juu ya lile debe, akajisemea kwamba ameongopa, sawa, lakini nani ameumia? Mgeni kaondoka na furaha yake. Hata hivyo alichukua kisu, akaichana ngozi ya ndoo, na bosi alipouliza akasema imeliwa na panya. Bosi alimtukana mpaka akachoka. Matusi yale yalimpunguzia mzigo kidogo.

Ikapita miezi minne. Hakuna aliyenguruma tena, na mpishi akaanza kula vizuri.

Jumamosi moja alikuta watu wamejaa mbele ya shule ya kijiji chao. Gari la serikali lilikuwa limetoka kubandika karatasi mlangoni. Mama yake alimshika mkono, akampitisha katikati ya watu mpaka mbele.

"Soma kwa sauti, mwanangu. Huku nyuma hawasikii."

Akasoma. Kwa kuwa mtaalamu wa wanyama aliyetumwa na serikali amethibitisha, kwa sauti na kwa nyayo, kwamba simba bado wapo, eneo lote hadi ng'ambo ya kilima linafanywa hifadhi, na wakazi wote watahamishwa kabla ya mvua. Chini ya sahihi palikuwa na hesabu, nayo akaisoma: nyumba sitini na tatu, visima viwili, shule moja, watu mia tatu na tisa, na makaburi ambayo hayatahamishwa, mia moja na manne.