Mkazi Mwenye Kero

Barua ilikuwa na duara la mafuta pembeni, lakini mwenyekiti hakuliona. Alisimama mbele ya ukumbi kwa hasira.

"'Pikipiki zifukuzwe mjini,'" aliwasomea wenzake. "'Waendeshaji wake ni wazee waliokataa kukua. Wapo hata wanaofungua kabureta juu ya meza ya chakula.' Sahihi: Mkazi Mwenye Kero."

Ukumbi ukanguruma kuliko injini.

Miezi miwili nyuma, ukumbi huohuo ulikuwa na watu saba, wawili wamelala. Mwenyekiti alikuwa akiendesha pikipiki tangu akiwa na miaka kumi na saba, na chama hiki cha waendeshaji alikipigania nusu ya maisha yake: maegesho, mashimo ya barabarani, bima. Halafu halmashauri ikatamka wazi kwamba wasipofika wanachama thelathini kwenye mkutano wa mwaka, chama kitapoteza kiti chake kwenye kamati ya barabara.

Kwa kukosa wa kukutana nao, Jumamosi zake zikawa za kushinda nyumbani. Alimwaga vipuri mezani na kulalamika mpaka chai ikapoa.

"Hawaji kwa sababu hawana wa kugombana naye," mkewe alimwambia, akisogeza plagi ya injini apate pa kuweka kikombe.

"Ugomvi wa nini, mama watoto? Sisi watu wa amani."

Wiki iliyofuata, barua ya kwanza ya Mkazi Mwenye Kero ikafika halmashauri, nakala kwa chama. Hii ya leo ilikuwa ya tatu.

Afisa wa halmashauri, aliyekuja kusimamia mkutano huu wa mwaka, alihesabu vichwa mara mbili. Sitini na wawili. Akagonga muhuri. Kiti kimebaki.

"Tukimkamata huyo mtu tumfanyeje?" aliuliza fundi wa breki.

"Nipeni mimi," alisema mwenyekiti. "Nitampakia nyuma, nimzungushe mji mzima. Atanyamaza mwenyewe."

Aliingia nyumbani anapiga mluzi. Meza ilikuwa tupu, imetandikwa kitambaa cheupe. Kabureta ilikuwa nje, ndani ya ndoo.

"Wamekuja wangapi?" mkewe aliuliza.

"Sitini na wawili. Wana moto hao, acha tu. Wanataka tukutane kila Jumamosi, kutwa nzima."

"Kutwa nzima." Mkewe akavuta kiti, akalaza karatasi juu ya kitambaa, akafungua kalamu. "Basi niambie, baba watoto. Kipi kitawauma zaidi, niseme moshi au makelele?"