Kitambaa Kikavu

Kila asubuhi Tunu hukunja kipande cha kanga kuukuu na kujisitiri nacho ndani ya nguo. Kizazi chake kilikuwa kimeshuka, mkojo ukawa unamvuja na kunuka; daktari alimpasua akakirudisha, na tangu hapo kitambaa hakijalowa. Leo mumewe aliingia chumbani ghafla kutafuta kofia.

"Mama Shufaa! Bado tu? Utamaliza kanga zote, tukose za kupangusia meza."

Tunu aliendelea kukunja.

"Si umepona?"

"Nimepona."

"Sasa hicho cha nini?"

Tunu alikitazama kitambaa kikavu, kisha mkeka uliosimama nyuma ya mlango, ambao mumewe huulalia sebuleni tangu siku za harufu. Mume alikwisha kushika kitasa.

"Nitakiacha, Baba Shufaa," alisema, "siku utakayorudi kulala humu."