Mayai Kumi na Moja ya Dagny

Yai la kwanza lilielea.

"Hili limeharibika," alisema Bente Kjær, akaliopoa kwa kijiko na kulilaza juu ya taulo. Alikuwa afisa wa halmashauri, amekuja kupima kama Dagny, mwenye miaka themanini na minne, bado anaweza kuishi peke yake shambani.

Preben, mwana wa pekee wa Dagny, alikaa karibu na mama yake. Alikuwa amemwahidi marehemu baba yake kwamba mama hatatolewa katika nyumba ile, na wiki nzima alikuwa akimfundisha majibu: tarehe, siku, jina la waziri mkuu. Mama aliyajibu yote bila kupepesa, huku Preben akimkazia macho kama msimamizi wa mtihani. Mgeni alikuwa ameshaanza kukusanya karatasi zake. Ndipo mama alipomkaribisha yai la kuchemsha, na Bente, mtoto wa mfugaji, akasema kwanza tuyatie majini. Bakuli kubwa la udongo lilikuwa tayari pale mezani, limejaa maji.

Yai la pili likaelea. La tatu nalo.

"Mama Dagny, hapa umeandika kwa penseli tarehe ya jana."

"Ndiyo, binti yangu. Kila yai huliandika siku lilipotagwa. Tangu nilipoolewa."

"Unayaweka wapi?"

"Sebule ya nyuma, kwenye baridi, ncha chini. Mama mkwe ndiye aliyenifundisha."

"Yai la jana huzama likalala chini kabisa. Haya yana zaidi ya mwezi."

"Basi sijui," alisema Dagny. "Labda jana yangu na jana yako si moja."

Preben alitamani sakafu ipasuke immeze. "Hawa kuku wenyewe wamezeeka," alijaribu.

"Yai halijui umri wa kuku," alisema Bente kwa upole, akaendelea kuyatosa. Yalikuwa kumi na moja, na yote yalielea.

Preben akakumbuka viazi vya mchana. Vilikuwa chapwa. Mama alidai chumvi imekwisha, na yeye mwenyewe alimletea kilo nzima Jumamosi. Kwa mara ya kwanza aliogopa kwamba halmashauri ina haki.

Mwenye macho haambiwi tazama, na Bente alikuwa na macho mawili na kalamu. Aliandika kwa muda mrefu.

"Kuna chumba kimoja kwenye nyumba ya wazee ya Lindelund, kuanzia Jumatatu," alisema. "Wanaojiweza huwa tunawarudisha, foleni ni ndefu. Lakini mtu asiyejua yai la jana na la mwezi uliopita, huyo hatuwezi kumwacha peke yake. Hutakuwa mgeni, mama. Villads, jirani yenu yule mgane mpiga kodiani, yuko huko tangu majira ya kuchipua."

"Kumbe yuko huko?" alisema Dagny. "Sikumbuki."

Sahihi yake kwenye fomu ilitoka imenyooka, herufi moja moja.

Bente alipoondoka, Preben alimkumbatia mama yake akalia waziwazi, mtu mzima wa miaka hamsini na saba. "Nisamehe, mama. Nimemwangusha baba."

"Nyamaza, mwanangu. Uzee hauna adabu." Akampigapiga mgongoni mara tatu, kisha akapanda ghorofani kufungasha.

Preben akabaki na mayai. Hakutaka mtu mwingine ayaguse. Akayabeba hadi kwenye shimo la mboji nyuma ya banda, akaziba pua, akalipasua la kwanza kwenye ukingo wa koleo.

Halikunuka. Kiini kilisimama duara, na ute wake mzito ukakizunguka bila kutawanyika. La pili lilikuwa hivyo hivyo. Aliyapasua yote kumi na moja, akayatazama, kisha akarudi jikoni bila kunawa mikono yenye ute wa yai.

Bakuli lilikuwa bado mezani. Akachovya kidole, akakilamba.

Kilo nzima ya chumvi ya Jumamosi, inayoelesha hata yai la jana, ilikuwa mle ndani, na huko ghorofani Dagny alikuwa akipiga mluzi wimbo wa kodiani.