Beseni Dirishani

Beseni lilikuwa limeshainama dirishani. Esnah alikuwa amefua leso yake mwenyewe, na kwao Ekerenyo maji ya kufulia hayapotei, humwagiwa migomba. Nje ya chumba hiki cha hospitali palikuwa na mgomba mmoja, majani yamenyauka.

"Mama, ngoja!"

Nesi alisimama mlangoni, mbali, kama walivyosimama wauguzi wote tangu Esnah anywe ile dawa ya mionzi ya kutibu saratani ya tezi ya shingoni.

"Dawa inatoka na jasho lako. Maji yako yote ni ya kumwaga kwa hicho choo, yaende kwa tangi. Yanafungiwa huko mpaka makali yaishe."

"Hata kwa kamgomba kamoja?"

"Sikiza huko chini."

Bondeni, kwenye chemchemi, wanawake walikuwa wakichota maji huku wakicheka.

Kwa siku tatu Esnah alikuwa amedhani anaonewa kinyaa. Alilivuta beseni ndani kwa mikono miwili, kama aliyebeba mtoto aliyelala, akalimimina chooni hadi tone la mwisho.

"Asante, mwanangu," alisema. "Sasa kalete maji yako. Mgomba bado una kiu."